Mkono na Kibarua: Lugha na Kisa katika Of Mice and Men ya John Steinbeck

Riwaya fupi ya John Steinbeck iitwayo Of Mice and Men, ambayo kwa Kiswahili jina lake lingeweza kuwa "Habari za Panya na za Wanadamu", ilipigwa chapa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1937. Ni kitabu kidogo. Msomaji mwepesi aweza kukimaliza kwa jioni moja, na labda ndiyo sababu kimependwa sana na walimu. Desturi imekuwa kukifundisha kama kisa cha urafiki wa watu wawili na cha matumaini yaliyovunjika. Jina lenyewe, lililotoka katika shairi la Mskoti Robert Burns la mwaka 1785 juu ya panya aliyebomolewa kiota chake na jembe la mkulima, huwasaidia walimu hao, kwa kuwa mara moja laelekeza fikira kwenye bahati na majaliwa. Mipango huharibika, dunia ndivyo ilivyo, na mwanafunzi huambiwa afunge kitabu.

Nakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi, na kwamba upungufu wake hautokani na uvivu wa walimu peke yake. Sehemu ya lawama ni ya mtungaji. Katika kitabu hiki lugha na kisa haviendi njia moja. Kisa chatuambia kwamba maangamizi yaliletwa na mwanamke mpweke na mikono ya mtu asiyejua nguvu zake. Lugha, yaani maneno wanayoitana wafanya kazi, hesabu wanazopiga, majina waliyo nayo na majina waliyonyimwa, yatupa habari nyingine, ambayo ni habari ya mwajiri na ujira. Nami nashika kwamba mahali viwili hivi vinapopingana, ni lugha iliyo ya kuaminiwa.

Kwa wale ambao hawajakisoma yafaa kueleza kwa ufupi. George Milton na Lennie Small ni vibarua wanaozunguka katika mashamba ya California wakitafuta kazi. Lennie ni mtu mkubwa wa mwili, mwenye akili ya mtoto, apendaye kupapasa vitu vilaini: panya, mbwa wachanga, nguo, nywele. George ni mdogo na mwepesi wa fikira, na ndiye anayemwongoza. Wamekimbia mji wa Weed kwa sababu Lennie alishika nguo ya msichana asiiachie, nao wafika katika shamba la shayiri karibu na Soledad, mji ambao jina lake kwa Kihispania ni "upweke". Kutoka jioni ya Alhamisi mpaka jioni ya Jumapili mambo yote yameisha. Lennie amemwua mke wa Curley, mwana wa bwana mkubwa wa shamba, bila kukusudia. Na George amemwua Lennie kwa makusudi, kwa bastola, kabla ya wawindaji kumfikia.

Tuanze na neno moja. Kiingereza cha mashambani humwita mfanya kazi wa ujira kwa neno lile lile la kiungo cha mwili: humwita "mkono". Mwenye shamba hasemi kwamba ataka watu wawili. Asema ataka mikono miwili, akimaanisha watu wawili. Ukisoma kitabu hiki ukiwa na neno hilo masikioni, utashangaa jinsi mikono ilivyojaa ndani yake. Candy, mzee afagiaye bweni, amekatika mkono. Curley huvaa glavu mkono mmoja, akiupaka mafuta ndani yake ili uwe laini kwa ajili ya mkewe. Slim, mwendeshaji nyumbu ambaye wote wamheshimu, atambulishwa kwetu kwa mwendo wa mikono yake kazini. Lennie huufunika mkono wa Curley kwa wake na kuuvunja mifupa. Siamini kwamba haya yametokea bila ya mtungaji kukusudia. Watu walioitwa mikono hutazamwa kwa mikono yao, na mkono ukiharibika mtu mwenyewe huanza kuhesabiwa kuwa si kitu.

Kiswahili chetu hakina ila hiyo, lakini kina nyingine. Neno letu la mtu wa namna hii ni "kibarua", na kila msomaji wa jarida hili ajua asili yake: ni udogo wa "barua", kijikaratasi alichopewa mfanya kazi ili akionyeshe apate ujira wake. Jina la karatasi likahamia kwa mtu. Kadhalika watu waliosafirishwa kutoka bara mpaka mashamba ya mkonge ya Tanganyika waliitwa "manamba", kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Na neno "kipande" likawa jina la kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi hata zitimie siku 30. Basi Mwingereza alikata mkono na kuuita mtu. Sisi tuliita mtu kwa cheti chake. Ni vigumu kusema lugha ipi ilikuwa na adabu zaidi. Lakini mtafsiri atakayeandika "kibarua" mahali pa lile neno la Kiingereza hatakosea, bali atapoteza uzi wote wa mikono. Na wakati huo huo atapata kitu ambacho Steinbeck alikuwa nacho katika kisa bila ya kuwa nacho katika neno. George na Lennie wafikapo shambani wanabeba vyeti vya kazi kutoka ofisi ya Murray na Ready ya kuandikisha wafanya kazi. Tangu kando ya mto George amevishika vyeti vyote viwili mwenyewe, maana Lennie angevipoteza. Ni vibarua kwa maana ya zamani kabisa ya neno letu: watu wenye karatasi.

Sasa hesabu. Wahakiki wengi huzungumza juu ya "ndoto" ya George na Lennie kana kwamba ni wingu tu. Katika sura ya kwanza ni kweli: ni maneno ya kumbembeleza Lennie alale, habari ya kishamba, ng'ombe, nguruwe, na sungura ambao yeye atawalisha. Lakini katika sura ya tatu Candy asikia, akauliza bei, na kuanzia hapo hatuna ndoto tena. Tuna daftari la matumizi. Shamba lauzwa dola 600. Candy ana dola 300, na 50 atalipwa mwisho wa mwezi. George na Lennie watapata 100 kati yao iwapo hawatatumia kitu. Jumla ni dola 450, na George afikiri wauzaji watakubali kuanza na hizo, huku yeye akiendelea kufanya kazi kulipa salio. Watu hawa walikuwa mbali na shamba lao kwa mwezi mmoja tu. Mwalimu asemaye kwamba jambo hili halikuwezekana tangu mwanzo hakupiga hesabu.

Na fedha hizo zimetoka wapi? Katika dola 300 za Candy, dola 250 ni fidia ya mkono alioupoteza katika shamba hilo hilo. Na mbona shamba linauzwa rahisi? Kwa sababu wazee walio nalo wamefilisika na bibi yule ahitaji kupasuliwa na daktari. Basi bustani ile ya sungura ingenunuliwa kwa mkono uliokatika wa mzee mmoja, kutoka kwa bibi mgonjwa. Steinbeck ayataja haya yote mawili kwa maneno machache na kupita, nami nayaona kuwa ni mambo makali kuliko yote aliyoandika katika kitabu hiki. Anayeuza na anayenunua wote ni watu ambao mwili wao umeharibika. Mtu mzima wa viungo, apataye dola 50 kwa mwezi na kuzitumia mwisho wa mwezi, hafiki kamwe. Shamba hili lina uhusiano mdogo na tamaa ya utajiri. George aeleza kwamba siku ya mvua wangesema leo hatuendi kazini, wakakaa wakisikiliza maji juu ya paa. Anachotaka ni uwezo wa kukataa.

Bwana mkubwa wa shamba aonekana mara moja tu, katika sura ya pili. Amevaa viatu vya kisigino kirefu vyenye michokoo, ishara kwamba yeye si mfanya kazi. Atoa daftari lake la kazi, auliza majina, ayaandika. Ni hapo, katika daftari la mishahara, ndipo tusikiapo kwa mara ya kwanza kwamba George ni Milton na Lennie ni Small. Wao kwa wao hawana haja ya majina hayo. Kisha George amjibia Lennie kila swali, na bwana yule ashuku, auliza kama George ananyang'anya mshahara wa mwenziwe. Yeye hajapata kuona mtu akijitaabisha hivi kwa ajili ya mtu mwingine. Hana neno la kuita jambo hilo ila wizi.

George ajibu kwa uongo: asema Lennie ni binamu yake, na kwamba alipigwa teke la kichwa na farasi alipokuwa mtoto. Baadaye Lennie auliza kwa furaha kama kweli wao ni jamaa, na George asema si kweli, na ya kwamba angejiua kama ingekuwa kweli. Hapa mtafsiri wa Kiswahili ana mashaka ya kweli. Katika mashamba yetu na katika njia za misafara ya zamani watu wasiojuana walipeana majina ya jamaa bila ya kusema uongo: ndugu, kaka, mjomba, na utani kati ya makabila ulimpa mgeni mtu wa kumzika iwapo atafia ugenini. Msomaji wetu akisikia George amwita Lennie "binamu" atadhani ni adabu ya kawaida. Yafaa mtafsiri achague maneno yatakayomwonyesha kwamba katika bweni lile neno la ujamaa ni hila, kitu cha kumpitisha mtu mbele ya mwandishi wa daftari. Ningependelea kuandika waziwazi "mtoto wa mama mdogo", kwa kuwa undani wa maneno hayo waudhihirisha uongo; "binamu" ni neno pana mno.

Kuna tendo dogo katika sura ya tatu ambalo wahakiki hulipita. Carlson ameshikilia kwamba mbwa mkongwe wa Candy apigwe bastola. Jambo bado halijaamuliwa. Wakati huo Whit, kibarua kijana, atoa gazeti la visa vya kubuni na kuwaonyesha wenziwe barua ya msomaji iliyochapwa nyuma. Imeandikwa na Bill Tenner, aliyekuwa akifanya kazi katika shamba hilo hilo na ameondoka miezi mitatu iliyopita. Barua yenyewe si kitu. Asifu hadithi apendazo. Lakini Whit hataki kuliachilia gazeti. Slim alitaka kulitazama, naye aendelea kulishika kwa upande wake, akionyesha kwa kidole. Mtu aliyelala kitanda cha jirani, ambaye alipotoka hakuacha alama hata ya mguu, jina lake limetokea katika chapa. Mbwa anahukumiwa kuuawa kwa sababu hafai; papo hapo watu wazima wastaajabia kwamba mmoja wao aliwahi kuwa na jina. Kama ningelazimishwa kuchagua kurasa mbili za kitabu hiki zibaki, ningechagua hizo.

Majina yenyewe yana mengi ya kusema. Crooks, mtunza farasi mweusi, ameitwa hivyo kwa sababu mgongo wake umepinda baada ya kupigwa teke na farasi; kilema chake kimekuwa jina lake. Alala peke yake katika chumba cha matandiko ya farasi, maana hapokewi bwenini. Steinbeck atuonyesha mali zake: miwani, dawa za mgongo, na vitabu, navyo ni pamoja na kamusi iliyochakaa na sheria za raia za California za mwaka 1905. Sisi watu wa makamusi tuna haki ya kusimama hapa kidogo. Huyu ni mzaliwa wa California, ambaye baba yake alikuwa na shamba la kuku. Ndiye peke yake shambani mwenye kitabu cha maana ya maneno na kitabu cha haki za watu. Mke wa Curley aingiapo chumbani mwake, naye kumwamuru atoke, ajibiwa kwamba kwa neno moja la mwanamke huyo aweza kutundikwa mtini. Hapo Crooks ajikunja hata hakuna kitu kilichobaki cha kumwudhi mtu. Abaki sauti tupu yenye kuitika. Kamusi ipo, sheria ipo rafuni, wala havimkingi. Dakika chache kabla alikuwa ameomba kwenda shambani kwao kufanya kazi bila ya ujira. Baadaye amwambia Candy kwamba alikuwa akitania.

Ni lazima niseme pia kwamba California ya vibarua iliyomo katika kitabu hiki ni nyembamba. Katika miaka ile ya 1930 wavunaji wa mashamba hayo walikuwa Wameksiko na Wafilipino wengi, na jamaa nzima zilizokimbia ukame wa Oklahoma na nchi za jirani. Steinbeck aliwajua wakimbizi hao vizuri. Aliandika makala juu yao katika gazeti la San Francisco News mwaka 1936, na riwaya kubwa, The Grapes of Wrath, mwaka 1939. Lakini katika kitabu hiki alirudi kwa wanaume wapweke weupe wabebao mablanketi mgongoni, aina ya watu aliofanya kazi nao ujanani mwake, ambao nafasi yao ilikuwa tayari ikichukuliwa na mashine. Si kosa kuchagua. Lakini wasomaji wengi wamedhani kwamba wakisoma kitabu hiki wamesoma habari za vibarua wote.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito. Mwaka 1937 Steinbeck alimwambia mwandishi wa gazeti la New York Times kwamba Lennie alikuwapo kweli. Alifanya kazi pamoja naye wiki nyingi. Mtu huyo hakumwua mwanamke. Alimwua msimamizi wa shamba kwa uma wa kupakulia nyasi, akiwa na hasira kwa sababu mwenziwe alifukuzwa kazi. Naye hakupigwa risasi. Wakati wa mazungumzo hayo alikuwa yu hai katika hospitali ya wenye wazimu.

Tazama basi mtungaji alivyofanya. Tukio la kweli lilikuwa kati ya mfanya kazi na msimamizi, na sababu yake ilikuwa kufukuzwa kwa rafiki. Katika riwaya msimamizi ameondolewa, hasira imeondolewa, na mahali pa uma wa nyasi pamewekwa nywele laini za mwanamke. Bwana mkubwa hayuko wakati wa maafa. Hatumwoni hata katika msako. Vibarua wasakana wenyewe kwa wenyewe chini ya Curley. Mtungaji ana haki ya kubadili yaliyotokea, na hapana mtu mwenye akili amwambiaye mtunga hadithi kwamba aandike kama karani wa mahakama. Lakini yatupasa kuuliza badiliko limefaidi nini na limegharimu nini. Limefaidi huruma: Lennie wa riwaya hana hatia, na msomaji aweza kumlilia bila ya kusita. Limegharimu sababu. Kisa kilichokuwa na chanzo katika kazi kimekuwa kisa chenye chanzo katika maumbile. Twajua pia kwamba jina alilolifikiria kwanza kwa kitabu hiki maana yake ni "Jambo Lililotokea", na kwamba katika miaka hiyo, pamoja na rafiki yake Ed Ricketts, mtaalamu wa viumbe vya bahari, alipenda falsafa ya kutazama mambo yalivyo bila ya kuuliza kwa nini. Falsafa hiyo yafaa sana kwa kaa na konokono wa pwani. Kwa shamba lenye daftari la mishahara siioni kuwa inatosha.

Aliyelipa gharama ni mke wa Curley. Hana jina. Watetezi wa mtungaji husema kwamba kumnyima jina ni kuonyesha jinsi anavyotazamwa na wanaume, kama mali ya mumewe, na kwa sehemu nakubali. Mwaka 1938 Steinbeck alimwandikia barua mchezaji Claire Luce, aliyekuwa akimwigiza mwanamke huyu jukwaani, akamweleza kwa upole maisha ya utotoni ya mtu wake, ili asimchezeshe kama mwovu. Barua hiyo ni ya heshima. Lakini upole huo ulipaswa kuwamo kitabuni mapema. Katika kitabu, mpaka sura ya tano, vinywa vya wanaume vimekwisha kumhukumu, na msimulizi amwonyesha kwa rangi nyekundu ya midomo, kucha na viatu, kana kwamba amekubaliana nao. Ndipo, akiwa karibu na kifo, asimulia juu ya barua aliyoahidiwa kutoka Hollywood, isiyofika, ambayo aamini mama yake aliiiba. Na jinsi alivyoolewa na Curley kwa hasira ya jambo hilo. Naye pia ni mtu wa karatasi iliyopotea. Angeweza kuwa mmoja wa wale waliomo bwenini, wala hakuna aliyemwona hivyo.

Mtafsiri wa Kiswahili apatwa hapa na shida kinyume cha ile ya binamu. "Mke wa Curley" katika lugha yetu hasikiki kuwa amenyimwa kitu. Kuita mwanamke kwa mumewe au kwa mwanawe ni heshima. Kumtaja jina lake mbele ya wageni mahali pengi ni utovu wa adabu. Wanafunzi niliosoma nao kitabu hiki hawakuona ajabu yoyote kwamba hana jina mpaka nilipowauliza. Nadhani dawa ni kumfanya msimulizi na vibarua wamwite "yule wa Curley", bila ya neno "mke" wala "bibi". Tutapoteza herufi, tutapata ubaridi uliomo katika asili.

Edmund Wilson, mhakiki wa Marekani, aliandika mwaka 1941 kwamba Steinbeck ana mwelekeo wa kuwaonyesha wanadamu kwa mifano ya wanyama. Shutuma hiyo ni ya kweli kwa Lennie, ambaye mara ananywa maji kama farasi, mara viganja vyake vyaitwa kama vya dubu. Imerudiwa mno. Lakini Wilson hakuona, au hakujali, kwamba vibarua wenyewe hutumia kipimo cha wanyama kwa kuwa ndicho kipimo walichopewa. Mbwa wa Candy alikuwa mchungaji hodari, sasa hafai, basi auawe. Candy asema kwamba siku atakaposhindwa kufagia watamfukuza, na atamani mtu ampige risasi naye. Amejipima kwa kipimo cha mbwa, akaona chafaa.

Katika habari hii yapasa kumtazama Slim tena. Wahakiki humpa sifa karibu za kitume, na mtungaji awasaidia. Ni mtu mwema, bila shaka. Lakini fuata hukumu zake. Mbwa wake amezaa watoto tisa. Wanne aliwazamisha majini siku ile ile, kwa sababu mama yao hawezi kuwalisha wote. Mbwa wa Candy aletwa mbele yake. Aamua kwamba afe. Curley alipovunjwa mkono, Slim amfundisha aseme kwamba ulinaswa na mashine, uongo ambao kila mtu shambani ataupokea, kwa sababu mashine hula mikono kila mwaka. Na mwisho kabisa, George aulizapo kama haiwezekani kumkamata Lennie na kumfungia, Slim ajibu kwamba kufungwa kamba na kutiwa kizimbani si jema. Kisha bastola ilipokwisha kulia amwambia George kwamba ilimlazimu. Watoto wa mbwa, mbwa, mtu: mwamuzi ni mmoja na sheria ni moja. Huruma yake ni ya kweli, lakini ni huruma iliyojifunza kazi yake katika uchumi wa shamba, ambamo asiyelishika ataondolewa kwa upole. Na Lennie wa kweli, tusisahau, aliwekwa hospitalini akaishi.

Wanafunzi huulizwa kila mwaka kama George alifanya haki. Napendelea kuwauliza alifanyaje. Maneno ya shamba na sungura yana umbo la ngano: msimulizi mmoja, msikilizaji mmoja ajuaye kila neno, akatizaye kwa kuitikia mahali pake. Mtu aliyekulia katika "Paukwa, Pakawa" hahitaji kufundishwa umbo hilo. Masimulizi yale ndiyo kitu pekee ambacho watu hawa wawili wanacho na ambacho hakikuandikwa katika daftari la mtu. Kando ya mto, George amwambia Lennie atazame ng'ambo, aanza ngano, Lennie aitikia. Ngano ile ile yatumiwa kumweka mtu tayari, kisogo chake kikielekea bastola ya Carlson, iliyomwua mbwa. Ni upendo, sikatai. Ni pia tendo la mtu aliyekwisha kukubali kwamba hakuna mahali pengine pa Lennie duniani, na aliyemfunza hivyo ni shamba.

Lakini kabla ya hapo, katika banda la nyasi, maiti ikiwa chini, Candy aliuliza swali ambalo kwa maoni yangu ndilo pindo la riwaya nzima. Alitaka kujua kama yeye na George bado waweza kulinunua shamba. Hesabu ilikuwa haijabadilika sana: dola 300 zilikuwa bado benki, na wauzaji walikuwa bado wahitaji. George hakumjibu juu ya fedha. Alisema atafanya kazi mwezi wake, atachukua dola zake 50, na atakwenda kukesha katika danguro au katika nyumba ya michezo ya meza mpaka watu wote watawanyike. Kisha atarudi kufanya mwezi mwingine. Hiyo ndiyo desturi ya vibarua wote, aliyoisimulia katika sura ya kwanza kama jambo la watu wengine. Kilichokosekana si bei. Kilichokosekana ni mtu wa kuambiwa. Candy alibaki peke yake na maiti, akamtukana mwanamke yule kwa kumharibia mambo, kisha akalala katika nyasi akafunika macho kwa mkono wake. Wengine walikuwa wamekwisha kwenda kutafuta bunduki.